Takataka za Naviundu Zina Wenyewe

Mama Chanda hakuweza kupita penye kipande cha chupa. Wengine waliona chupa iliyovunjika. Yeye aliona mguu wa mtoto, na hakujali ni mtoto wa nani. Hata akiwa na beseni la mboga za lengalenga kichwani na kuku chini ya kwapa, angekunja magoti polepole, mgongo wima, aokote kile kipande na kukitia katika kopo la maziwa alilolifunga kiunoni. Kopo lile liliimba kila alipotembea. Watu wa soko la Naviundu walimsikia kabla ya kumwona, wakaambiana, "Tengenezeni sura, misa inakuja."

Soko lenyewe lilikuwa dogo, kando ya mto, na lilikutana Jumamosi. Wakulima wa bustani za karibu walikuja kwa miguu na kwa baiskeli: lengalenga, matembele, ngaingai, kabichi, mihogo, mahindi mabichi, na uyoga mvua zikishaanza. Watu wa mjini walilipenda kwa sababu moja tu: mboga zilizokatwa jogoo akiwika zilifika bado zina umande.

Miaka ile kila Jumamosi ilianza na salongo, kazi ya mikono kwa ajili ya taifa, kabla mtu hajauza hata nyanya. Na walifagia! Hakuna awezaye kusema watu wa Naviundu hawakufagia. Wauza makala, yaani makaa ya kupikia, walifagia kuelekea kwa wanawake wa mboga. Wanawake wa mboga walifagia kuelekea kwa wauza makala. Katikati palikuwa na mfereji wa maji ya mvua. Takataka za pande mbili zilikutana pale, zikasalimiana, zikaingia mferejini, zikakaa kama watu waliofika kwao.

Ikawa siku moja, joto la mwisho wa kiangazi likichoma, kijana kutoka ofisi ya usafi akaja na kipaza sauti. Alisema mkubwa wake atakuja mwenyewe, Jumamosi kabla ya mvua. Akikuta mfereji umeziba na soko limekuwa jalala, soko litahamishwa. Akataja mahali penyewe, mbali kabisa, kule malori yanakogeuzia. Watu wakanung'unika kidogo, wakarudi kwenye biashara zao.

Mama Chanda hakurudi. Alibaki amesimama, mkono juu ya kopo lake. Aliyajua majani yake kama alivyowajua watoto wake, lipi lina nguvu na lipi linajisingizia. Lengalenga haingoji mtu. Ukiitembeza kule malori yanakogeuzia, juani, itafika imelala kama mgonjwa, na nani atanunua mgonjwa? Kapya, mume wake, alifanya kazi kwenye tanuru za shaba, na mshahara wake ulikuwa na midomo mingi ya kujaza. Bustani ndiyo iliyokuwa mkono wa pili wa nyumba ile. Soko likihama, mkono ule unakatika.

Akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mi minajitolea," alisema.

"Kujitolea kufanya nini, mama?" aliuliza kijana wa kipaza sauti.

"Kuondoa takataka. Yote."

Wa kwanza kucheka alikuwa Kunda, muuza makala, mtu mnene mwenye sauti ya treni inayoingia kituoni. "Bantu, sikieni! Mbuzi anajitolea kula maganda! Ninyi mulishaona wapi?"

Hapa lazima nieleze, maana bila hili hutaelewa lolote. Mama Chanda alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Kunda alikuwa wa ukoo wa Chui. Kwa watu wa upande ule, toka mjini mpaka Sakania, Mbuzi na Chui ni banungwe, ndugu wa utani. Zamani chui alikula mbuzi, kwa hiyo deni la matusi halitaisha mpaka dunia iishe. Munungwe wako anaweza kukuvua kofia, kukuita mwizi mbele ya mkwe wako, kukutwisha mzigo wake, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, unalipa kuku. Na akikutuma kazi, unakwenda. Utakwenda ukimtukana, lakini utakwenda.

"Mbuzi atakula maganda," Mama Chanda alimjibu Kunda, "na chui atakula vumbi yake ya makala. Kuya hapa na beseni."

Ndivyo kazi ilivyoanza.

Mama Chanda hakugusa ufagio. Ufagio, alisema, ni kama mchongezi, unaondoa jambo nyumba hii na kulipeleka nyumba ile. Yeye alishika takataka mkononi, akainua juu, akauliza kwa sauti: "Hii iko ya nani?"

Mara ya kwanza watu walidhani anatafuta mkosaji. Kila mmoja akaangalia pembeni.

"Siulizi nani alitupa," alisema. "Ninauliza nani anaitaka."

Halafu mzee mmoja mwenye nguruwe, nyuma kabisa: "Kama ni maganda ya mihogo... mi ninaweza kutwaa."

"Aya! Iko na mwenyewe!"

Ikawa mchezo. Majani ya kabichi na maganda yalirudi mashambani juu ya baiskeli zilizokuja zimejaa na ambazo zamani zilirudi tupu. Chupa zilikwenda kwa wauza mafuta ya mawese. Makopo yalikwenda kwa fundi wa taa. Magunia yaliyotoboka yalifuliwa mtoni, yakashonwa. Manyoya ya kuku aliyachukua Victorine, muuza nyanya, rafiki wa Mama Chanda, akisema atamtengenezea mama mkwe mto, na kama utamwasha, basi ni bahati mbaya. Kunda naye alikaa kitako, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akifinyanga vumbi la makala pamoja na udongo wa kichuguu kuwa madonge ya kuwasha moto, huku akiwalaani mbuzi wote toka wa kwanza. Akina mama waliyanunua yale madonge yote. Kunda alikasirika zaidi, maana sasa hakuwa na sababu ya kulalamika.

Kisha ikawekwa sheria ya kitunga. Mtu asije sokoni mikono mitupu, maana karatasi za mifuko ya saruji walizofungia mboga ndizo zilizokuwa zikiruka mpaka mferejini. Mwenye kuja bila kitunga aliimbiwa. Victorine alitunga wimbo wenyewe, na wanawake walipiga makofi:

"Mikono mitupu, mikono mitupu,
nyanya utabeba na meno?
Mikono mitupu, baba we,
samaki utaweka mu masikio?"

Fundi cherehani mmoja mwenye heshima zake, aliyetoka mpaka mtaa wa Makomeno mjini, aliimbiwa hivyo mbele ya mke wake. Jumamosi iliyofuata alikuja na vitunga viwili, kimoja kichwani, akicheza. Watu wakaanza kuja Naviundu bila haja ya mboga, kuona tu nani ataimbiwa.

Mama Chanda alicheka kama wengine, lakini usingizi wake ulikuwa mwepesi. Kulikuwa na jambo moja. Soko lilikuwa safi, ardhi yake imeonekana, nyekundu na nzuri. Lakini ukimwaga ndoo ya maji upande wa juu wa mfereji, upande wa chini hakitoki kitu. Maji yaliingia, yakapita mbele ya wanawake wa mboga vizuri tu, yakafika chini ya magunia ya Kunda, yakatoweka.

"Kunda, chini ya magunia yako kuko nini?"

"Kuko bulongo, mama Mbuzi. Bulongo ya Mungu," alisema Kunda akipigapiga udongo kwa kisigino.

"Toa magunia nione."

"Iko nzito. Mugongo yangu."

"Apa."

"Ninaapa kwa nkambo yangu. Mufereji iko wazi kama mulango ya kanisa."

Munungwe akiapa kwa bibi yake, na bibi mwenyewe ameshakufa, utafanya nini? Alimwacha. Lakini hakumwamini.

Jumamosi yenyewe ikafika. Siku ileile, Kunda alikuwa anatazamia mgeni: ndugu yake Ngosa, mtu wa Sakania, anayefika kwa treni. Alikuwa amejivuna juu yake wiki nzima. "Mutaona chui kamili. Abakosi ya kahawia, ile koti ya bila tai, kofia nyeusi, anatembea pole pole sawa muntu anapima kiwanja. Bambuzi, fungeni batoto!"

Na kati ya banungwe, anayewahi kutukana ndiye anayetawala siku. Mgeni akikuwahi, utabeba mizigo yake mpaka jioni. Kwa hiyo Mama Chanda alikuwa ameweka macho yake katika mafungu mawili. Jicho moja lilingoja mkubwa wa usafi, ambaye bila shaka atakuja kwa gari, mchana, na vijana wa kumfungulia mlango. Jicho la pili lilingoja chui wa Sakania. Na mikono yake, kwa sababu woga haukai bure, ilikuwa inajaza kikapu kikubwa kwa majani ya kabichi na maganda ya mihogo.

Jua lilikuwa bado changa alipomwona. Abakosi ya kahawia. Kofia nyeusi. Anakuja peke yake, kwa miguu, akitazama ardhi kulia na kushoto, pole pole, kama anapima kiwanja.

"Victorine," alinong'ona, "chui."

"Muwahi!"

Aliruka juu ya mafungu ya matembele kama msichana, kopo likigonga kiunoni.

"Angalieni ye!" alipiga kelele. "Chui ya Sakania imefika! Madoa yako iko wapi, mwizi? Nani aliifua na sabuni?"

Yule mtu alisimama.

"Unashangaa nini? Chui gani hii inapanda treni? Miguu inaogopa mbuzi? Meno uliacha nyumbani ndani ya kopo ya maji? Onyesha meno! Haionyeshi! Bamama, haina!"

Wanawake walikuwa wamekwisha fika, wanapiga vigelegele. Mama Chanda aliinua kile kikapu, na kwa kuwa alikuwa mrefu, akakiweka moja kwa moja juu ya kofia nyeusi. Maji ya kabichi yakateremka taratibu mpaka kwenye kola.

"Nkambo yako alikula nkambo yangu. Leo utalipa. Beba! Ile baiskeli kule, ya mutu wa nguruwe. Na usimwage!"

Yule mtu alimtazama. Uso wake ulikuwa mpana na mtulivu, na ncha za sharubu zake zilikuwa na mvi. Halafu akashika kikapu kwa mikono miwili, akatembea. Soko lote likamfuata likiimba "mikono mitupu" kwa maneno mapya, mengine siwezi kuyaandika hapa. Alifika kwenye baiskeli, akasimama akingoja kutuliwa, na Mama Chanda, mshindi wa siku, akamwambia angoje kwanza, zoezi ni dawa ya kitambi.

Hapo ndipo sauti ya treni ilipoingia kituoni.

"Ndugu yangu! Ngosa! Mutoto ya mama!"

Ilikuwa sauti ya Kunda, kule ng'ambo. Alikuwa amemkumbatia mtu mwembamba wa abakosi ya kahawia, kofia nyeusi, sanduku la mbao begani.

Soko lililokuwa linavuma kama mzinga likanyamaza mpaka ukasikia kuku. Macho yote yalitoka kwa Ngosa, yakaenda kwa mtu mwenye kikapu, yakarudi kwa Ngosa. Kama huyu ndiye chui, basi yule ni nani?

Masikini Ngosa hakujua lolote. Aliweka sanduku chini, akatanua mikono, akafumba macho nusu kama mtu anayengoja kumwagiwa maji. Alikuwa amejiandaa njia nzima kwa matusi ya Mbuzi wa mjini.

"Bonjour, citoyen," alisema Victorine kwa sauti ndogo, ile salamu ya raia ya ofisini.

"Karibu, citoyen," alisema mwingine. "Ulisafiri muzuri?"

Mtu akamletea kiti.

Ngosa alifumbua macho. "Banambuzi, munagonjwa?" aliuliza. "Ni nini? Mi nimekosa nini? Ata mutoto moja hapana kuniita mwizi?" Akamgeukia Kunda, midomo inatetemeka. "Ulisema kwenu bananipenda."

Yule mwenye kikapu akakitua mwenyewe. Akavua kofia, akaikung'uta. Jani moja la kabichi lilibaki juu ya bega lake, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuliondoa.

"Jina yako, mama?"

"Chanda," alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki kule kwenye matembele.

"Mi ni Mwenze. Wa usafi." Alisema bila haraka. "Baba yangu alikuwa mutu wa treni, kule Kabalo. Mi si wa Sakania. Si chui, si mbuzi. Mi na weye hatuna utani hata kidogo."

"Ndiyo, citoyen."

"Umeita chui mwizi. Umesema chui haina meno. Siku ya salongo, mbele ya bantu bote."

Miaka ile chui alikuwa kwenye noti, alikuwa kwenye bendera za sherehe, ngozi yake ilikuwa kwenye kofia za wakubwa. Kumtukana hadharani lilikuwa jambo la kufikiria mara mbili, na Mama Chanda hakuwa amefikiria hata mara moja. Mawazo yake yalikimbia nyumbani kabla ya miguu: nani atapika leo, yule mdogo anakohoa na dawa iko juu ya kabati, Kapya hataiona, Kapya haoni kitu hata kikiwa mbele ya pua. Na soko! Yeye aliyejitolea kulikomboa, ndiye aliyelizika.

Mwenze alipangusa sharubu zake.

"Kwetu," alisema, "kuko muntu moja tu anaweza kunitukana vile na mi nikabeba kikapu yake bila kujibu. Iko nkambo yangu, bibi aliyezaa mama yangu. Nkambo anasema yote anayotaka. Basi chagua, mama. Ulitukana Serikali, ao uko nkambo yangu?"

Mama Chanda alikuwa bado ananyonyesha. Mtu aliyesimama mbele yake alikuwa na mvi kuliko baba mkwe wake.

"Sema nkambo!" wanawake walimnong'oneza nyuma. "Sema! Nkambo!"

"Mi..." alisema. "Nkambo."

"Sisikii."

"Mi niko nkambo yako!" Sauti ikamrudia yote mara moja, kama maji yaliyozuiwa. "Na kofia yako iko wapi, unasimama na kichwa wazi ndani ya jua sawa hauna mama? Unataka kuugua? Vaa!"

Mwenze alivaa kofia haraka. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, mabega yakafuata, jani la kabichi likaanguka, na kicheko kikatoka, kikubwa, cha mtu ambaye hakuwa amefokewa hivyo tangu utoto. Soko lote likamwagika kucheka. Victorine alikaa chini kabisa, juu ya nyanya zake mwenyewe.

"Lakini," Mwenze alisema akifuta macho, "nkambo ni nkambo, na mufereji ni mufereji. Leteni maji."

Kicheko kikapungua. Wakaleta ndoo. Mwenze mwenyewe akamwaga upande wa juu wa mfereji, akatembea kando yake akiyafuata maji, pole pole. Maji yakapita kwa wanawake wa mboga yanang'aa. Yakafika kwenye magunia ya Kunda. Mwenze akaenda ng'ambo ya magunia, akainama, akangoja. Hakikutoka hata tone.

"Chini ya hii magunia kuko nini?"

Kunda alikuwa amekwisha kaa juu yake, akajitanua kama kuku juu ya mayai. "Bulongo, mukubwa. Bulongo ya Mungu. Ninaapa kwa..."

Hakumaliza. Mama Chanda alikuwa amemkamata sikio. Angekuwa mtu mwingine, ingekuwa vita, lakini yeye ni Mbuzi na yule ni Chui, na sheria ni sheria. "Inuka, mwongo! Unaapa kwa mufu kila siku, hata kule aliko hapati kulala!" Victorine alishika mguu mmoja, mwenye nguruwe akashika mwingine, na chui akaondoka juu ya magunia yake akipiga kelele kwamba mgongo, mgongo, huku akicheka, maana sikio lile lilimtekenya.

Chini ya magunia palikuwa na mbao. Chini ya mbao palikuwa na takataka za salongo zote za mwaka mzima, zimeshindiliwa kama mtama ghalani.

"Kunda," alisema Mama Chanda.

"Mi nilifagia," alisema Kunda kwa unyonge. "Haikuwa na kwa kwenda."

Mwenze alitazama lile shimo. Uso wake ukafungwa, ukawa uso wa ofisi. Alivuta pumzi, na kila mtu akaona neno linakuja, na kila mtu akalijua neno lenyewe.

"Mama Chanda," alianza, "nasikitika, hii soko..."

"Nyamaza!"

Hata yeye mwenyewe alishtuka. Lakini alikwisha kusema, basi akaendelea. "Mutoto hasemi mbele ya nkambo. Nani alikufundisha? Nenda simama kule mu kivuli, na mikono nyuma. Nitakuita."

Mwenze alibaki mdomo wazi. Alitazama kushoto, alitazama kulia. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa kiti kile cha nkambo, angemnyang'anyaje mbele ya watu? Akaenda kivulini. Akaweka mikono nyuma.

Mama Chanda akafunga kikwembe chake upya, akashuka mferejini, akainua kitu cha kwanza kilichoshikika.

"Hii iko ya nani?"

"Chupa! Yangu!" alijibu muuza mafuta.

"Hii?"

"Gunia! Nipe!"

"Na hii?"

"Maganda ya mahindi, iko ya nguruwe yangu!"

Alirusha, wakadaka. Alipochoka kuuliza, waliingia wenyewe. Victorine aliingia na nyanya zimemganda nyuma. Fundi wa taa alipigania kopo na mtu ambaye hakuwa hata na haja ya kopo, alikuwa amenogewa tu. Wanunuzi waliokuja na vitunga vyao wakavitumia kubebea tope. Mtu alianzisha wimbo, na mikono ikashika mwendo wake.

Pembeni, juu ya kiti chake cha heshima, Ngosa alikuwa bado amekaa, kofia magotini, uso umeanguka. Mama Chanda alimwona. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi, lakini hakuwa mama wa kuacha mgeni na huzuni.

"Na weye, chui ya Sakania!" alimpigia kelele. "Unakaa pale unakodoa macho sawa kambale mu soko? Mwizi! Mutoto wa mwizi! Ile abakosi uliiba kwa nani, mukono moja iko murefu?"

Uso wa Ngosa uliwaka kama taa. "Aaah!" alisema. "Sasa niko nyumbani." Akaruka mferejini na viatu vyake vya safari.

Ni yeye aliyevuta kitu cha mwisho, shina la mgomba lililokuwa limekaa kama kizibo. Alivuta, Kunda akamvuta yeye, Mama Chanda akamvuta Kunda kwa lile lile sikio. Mfereji ukatoa sauti ya mzee anayesafisha koo. Kisha maji yote ya kuoshea mboga yaliyokuwa yamejificha yakatoka mara moja, meusi, yanaruka, yakawaangusha chui wawili na mbuzi mmoja, yakapita katikati ya viatu vya Mwenze pale kivulini, yakateremka yakipiga kelele mpaka mtoni.

Walisimama wanasikiliza maji yanavyokwenda.

Mwenze aliinua mguu mmoja, akamwaga maji yaliyoingia kiatuni. Akainua wa pili. Mikono yake ilikuwa bado nyuma.

"Nkambo," alisema, "naweza kusema sasa?"

"Sema, mujukulu yangu," alisema Mama Chanda, akiwa amekaa matopeni.

"Soko inabaki."

Kelele zilizopigwa pale sitazieleza. Mwenze naye alipiga kelele kidogo, halafu akakumbuka yeye ni nani, akakohoa.

"Inabaki," alisema tena, "lakini mi nitakuya kuangalia hii mufereji kila Jumamosi. Na mujukulu akifika kwa nkambo, hatoki na njaa. Vile iko kwetu."

Alikula siku ileile, nyumbani kwa Mama Chanda, miguu peku, viatu vimeanikwa juu ya ukuta. Alikula bukari, ugali wa kule, milima miwili, na lengalenga yenye karanga, na kila mara Mama Chanda alipomwambia atafune pole pole, alitafuna pole pole. Kapya aliporudi kutoka kwenye tanuru alimkuta ameshaondoka, na chakula kimeondoka naye, sufuria tupu.

"Nani amekula hapa?" Kapya aliuliza.

"Mujukulu yako."

Kapya alitazama watoto wake, mmoja mmoja, kutafuta ni nani aliyemzalia mjukuu bila yeye kujua. Mama Chanda akamhadithia yote. Kapya alisikiliza, mkono shavuni.

"Na kule kwao Kabalo," aliuliza mwishoni, "mujukulu anaita nkambo yake namna gani? Maana kwetu, mujukulu anaweza kumuita 'muke wangu'."

"Hata kwao. Alipotoka alisema, 'Kwa heri, muke wangu. Salimia ule muzee unakaa naye.'"

"Muzee!" Kapya aliruka. "Mi? Na ule ana mvi mpaka mu sharubu? Viatu vyangu iko wapi? Anakaa wapi, ule mutoto?"

Kicheko kilikuwa kimemkamata Mama Chanda tena, kile cha mchana ambacho woga ulikuwa umekizuia nusu. Alichukua ndoo, akatoka nyuma, akaenda kumwagilia lengalenga zake kabla jua halijazama, maana zingetakiwa Naviundu. Alikuwa anatikisika hivi kwamba maji mengi aliyamwagia miguu yake mwenyewe. Ndani, Kapya alikuwa bado anatafuta viatu. Vilikuwa mbele ya pua yake.